Jinsi ya Kuibana Namba Kubwa kwa Penseli

Chukua daftari la hesabu na penseli. Simu iache mfukoni. Itahitajika baadaye, kwa kuhakiki tu. Katikati ya ukurasa andika 61,741,120.

Hiyo ni idadi ya watu wa Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti, na Rais Samia Suluhu Hassan akayatangaza matokeo Dodoma tarehe 31 Oktoba. Kama usiku ule ulilala Sigino, mkoani Manyara, na karani akakufikia na kishikwambi chake, wewe ni mmojawapo. Ukiondolewa inabaki 61,741,119. Kwa macho hizo mbili ni pacha. Kihisabati hazina undugu, na hilo ndilo ninalotaka ulione kwa mkono wako mwenyewe. Anayelijua hataidharau tena tarakimu ya mwisho, awe karani wa ghala, mweka hazina wa kikoba au mwanafunzi wa darasa la saba.

Shuleni tunafundishwa vigawo kwa 12, 36 na 60. Ni namba pole, zinakubali karibu kila kitu. Mwanafunzi anapata vema zote, kisha akiletewa tarakimu nane anasalimu amri. Hakuna sababu ya kusalimu. Kanuni ni zilezile. Kinachoongezeka ni uvumilivu.

Anzia kulia

Usiitazame namba nzima. Tazama tarakimu ya mwisho. Hapa ni 0, kwa hiyo namba ni shufwa na tena inagawanyika kwa 5. Anza kuikata nusu, na usiache mpaka igome: 30,870,560, 15,435,280, 7,717,640, 3,858,820, 1,929,410, 964,705. Imekubali mara sita, ikagoma ilipokuwa witiri. Tayari una 2 kwa kipeo cha 6, yaani 64.

Ile nusu ya kwanza iangalie kidogo kabla hujapita. Sensa ilihesabu wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Wanaume wameipungukia nusu kwa 817,430, wanawake wameizidi kwa 817,430 hiyohiyo. Haiwezi kuwa vinginevyo. Lakini ukifanya hesabu hiyo na tofauti zisilingane, ujue kuna mahali umenakili vibaya.

964,705 inaishia na 5. Gawanya, upate 192,941. Hii haiishii na 0 wala 5 wala tarakimu shufwa, basi 2 na 5 tumemalizana nazo.

Zamu ya 3. Jumlisha tarakimu: 1 + 9 + 2 + 9 + 4 + 1 = 26. Kwa kuwa 26 haigawanyiki kwa 3, 192,941 nayo haigawanyiki. Sababu yake ni hii: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, 1,000 ni 999 na 1, na kuendelea. Zile 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa 9, kwa hiyo ukizitupa kinachosalia ni tarakimu tupu, kila moja kama ilivyoandikwa. Ishike sababu hii. Tutairudia kwa kazi yenye faida zaidi.

Kwa 7 watu wengi huingiwa na hofu. Ipo njia inayomaliza 7, 11 na 13 kwa mpigo, na msingi wake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Tenga namba kwa makundi ya tarakimu tatu tatu, kazi ambayo koma zimekwisha kukufanyia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana kuanzia kulia. 941 toa 192 ni 749. Sasa unahangaika na mia saba na ushei badala ya laki moja na ushei. 749 ni 7 × 107 kamili. Kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 8. Basi 192,941 inagawanyika kwa 7 peke yake kati ya hizo tatu. Gawanya: 27,563.

Msako

Hapa njia za mkato zimekwisha, na ndipo wengi wanapofunga daftari. Jiulize kwanza utasaka mpaka wapi. 166 × 166 ni 27,556, na 167 × 167 ni 27,889. Kama 27,563 ni zao la namba mbili, haiwezekani zote ziwe zaidi ya 166. Moja lazima iwe 166 au chini yake. Kwa hiyo namba tasa za kujaribu zinaishia 163, nazo ni 38 kwa jumla. Kati yake 2, 3, 5, 11 na 13 zimeshakataa. 7 usiiruke kwa kuwa ilishakubali: iliyokubali mara moja inaweza kukubali tena. Safari hii inabaki 4.

Endelea, na kila unapogawanya andika baki pembeni. 17 inabaki 6. 19 inabaki 13. 23 inabaki 9. 29 inabaki 13. 31 inabaki 4. 37 inabaki 35, imekosa kidogo tu. 41 inabaki 11. Kisha 43: mara 600 ni 25,800, zimesalia 1,763, na 43 × 41 ni 1,763. Kamili. Jibu ni 641.

Safu hiyo ya baki usiione ni usumbufu. Ukigundua baadaye kwamba mahali fulani uligawanya vibaya, unarudi kwenye mstari mmoja; asiye nayo anarudi mwanzo.

Je, 641 nayo ni tasa? 25 × 25 ni 625 na 26 × 26 ni 676, hivyo unaishia 23. Kwa 2, 3 na 5 jibu unaliona bila kuandika. Kwa 7, 11, 13, 17, 19 na 23 baki ni 4, 3, 4, 12, 14 na 20. Zote zimekataa, ni tasa. Andika jibu na ulipigie mstari:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Sasa toa simu, zidisha, hakiki.

Hiyo 641 ni maarufu kwa wanahisabati. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba ukiipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kurudufisha, kisha ukaongeza 1, unapata namba tasa kila mara. Za mwanzo zinamkubalia: 3, 5, 17, 257, 65,537. Inayofuata ni 4,294,967,297, na hiyo ilimponyoka. Mwaka 1732 Leonhard Euler akatangaza kwamba ni 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba tasa yoyote inayoweza kuigawanya namba hiyo lazima izidi kigawe cha 64 kwa 1. Ukifuata sharti hilo tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: ya tano tu. Wewe ulizijaribu moja baada ya nyingine kwa sababu hukuwa na sharti la kukupunguzia kazi. Nguvu ya Euler haikuwa wepesi wa kugawanya; ilikuwa kujua zipi hazina haja ya kujaribiwa.

Vigawo 112, na mtu mmoja

Ukishakuwa na vigawo tasa, idadi ya vigawo vyote haihitaji kuorodhesha. Kila kigawo kinaundwa kwa kuchukua 2 mara 0 hadi mara 6, ambazo ni njia 7, kisha kuamua kuchukua au kuacha 5, 7, 43 na 641, kila moja njia 2. 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Watanzania wote wa sensa ile wangeweza kupangwa kwenye makundi ya watu 7, 8, 10, 14, 16, 20, 28, 32, 35, 40, 43, 56, 64, na bado orodha ni ndefu, bila mtu kubaki nje. Kwa makundi ya watatu watatu angebaki mmoja.

Sasa muondoe huyo mmoja. Tuseme ni mtu wa Sigino ambaye karani hakumpata. Namba inakuwa 61,741,119. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, maana kigawo cha zote mbili kingelazimika kugawanya tofauti yao, nayo ni 1. Kwa hiyo 2, 5, 7, 43 na 641 zimeondoka zote kwa pamoja. Mahali pake zimeingia 3 na 11: namba mpya ni 3 × 11 × 1,870,943. Jaribu mwenyewe; tarakimu zake zinajumlika kuwa 30, na njia ya makundi matatu inakupa 119 toa 741 ongeza 61, yaani 561 kwa upande wa hasi, ambayo ni 11 × 51.

Hapo ndipo nakutaka uwe makini. Hakuna sensa duniani inayoweza kuapa juu ya mtu wa mwisho. Kuwa na vigawo 112 ni tabia ya namba iliyochapwa kwenye ripoti, si tabia ya watu. Anayekwambia kwamba 7 ndani ya idadi ya Watanzania ni ishara ya jambo fulani anakuuzia maneno.

Na vishawishi vipo. Tarakimu nne za mwanzo ni 6174, namba aliyoitangaza D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India, mwaka 1949. Chukua namba ya tarakimu nne, zisiwe zote sawa. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, toa, na urudie. Chukua mwaka wa sensa wenyewe, 2022: 2220 toa 0222 ni 1998, 9981 toa 1899 ni 8082, 8820 toa 0288 ni 8532, 8532 toa 2358 ni 6174. Na ukifika hapo hutoki, kwani 7641 toa 1467 ni 6174 tena. Niliwahi kulionyesha hili darasani, kijana mmoja akashika kichwa: “Mwalimu, kwa hiyo ilipangwa?” Nikamwambia, “Mwanangu, jaribu 1961.” Baada ya hatua saba akafika palepale. Kila namba ya namna hiyo hufika 6174, ndani ya hatua saba au pungufu. Mwaka wa sensa haukuwa na upekee wowote.

Kutupa tisa, kutupa kumi na moja

Faida iko hapa. Ile sababu ya 9 niliyokwambia uishike ndiyo kinga rahisi kuliko zote dhidi ya makosa ya kunakili na kuzidisha. Wataalamu wa hesabu wa India na wa nchi za Kiarabu waliitumia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nami sioni kwa nini isiwe kwenye kila daftari la chama cha msingi.

Jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Wanaume: 3 + 0 + 0 + 5 + 3 + 1 + 3 + 0 = 15, kisha 1 + 5 = 6. Wanawake: 43, kisha 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Jumla kuu, 61,741,120: 22, yaani 4. Zimelingana. Rudia kwa Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773, utapata 6 na 7 tena, na 4 ileile.

Kwa kuzidisha ni vilevile, ila unazidisha hizo tarakimu za mwisho. Tuseme ni msimu wa mbaazi, mzigo una kilo 3,476 na bei ya kilo ni shilingi 1,985. Karani anaandika 6,899,860. Kilo: 20, yaani 2. Bei: 23, yaani 5. Mbili mara tano ni 10, yaani 1. Fedha: 46, yaani 10, yaani 1. Sawa.

Lakini kosa la kawaida la mkono uliochoka ni kupindua tarakimu mbili. Angeandika 6,899,680, tisa isingesema kitu, kwa kuwa jumla ya tarakimu haijali zimekaa wapi. Mkulima amepoteza shilingi 180 na karatasi inaonekana safi. Hapo unaita 11. Anza kulia, toa na ujumlishe tarakimu moja moja kwa kupokezana. Kilo 3,476: 6 − 7 + 4 − 3 = 0, maana yake zinagawanyika kwa 11, na zikizidishwa kwa bei yoyote ya shilingi kamili jibu lazima ligawanyike pia. Fedha sahihi: 0 − 6 + 8 − 9 + 9 − 8 + 6 = 0. Fedha zilizopinduliwa: 0 − 8 + 6 − 9 + 9 − 8 + 6 = −4. Kosa limekamatwa. Tumia zote mbili kila mara, 9 kisha 11. Hesabu mbovu inayopenya zote ipo, ila ni adimu.

Na kabla ya hesabu yoyote, sikiliza inavyotajwa. Mtu akisema “milioni moja na mia tano”, mmoja ataandika 1,500,000 na mwingine 1,000,500. Mwombe aandike yeye.

Simu yako ina kinga ya ukoo huohuo. Bonyeza *#06# uone IMEI, namba ya tarakimu 15. Ndiyo iliyotumika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia Juni 2016. Tarakimu yake ya 15 imewekwa kwa ajili ya ulinzi tu, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM. Kuanzia kulia, rudufisha tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea, ikizidi 9 toa 9, jumlisha zote. Jumla isipoishia na 0, namba imenakiliwa vibaya au si halali. Kanuni hiyo hukamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila upinduaji wa tarakimu mbili zilizo jirani. Inayoponyoka ni 09 kuwa 90.

Kulinganisha Manyara na nchi nzima

Sensa hiyohiyo iliupa Mkoa wa Manyara watu 1,892,502. Ukitaka kuandika sehemu ya mkoa katika taifa kwa umbo fupi kabisa unahitaji kigawo kikubwa cha shirika, KKS ya darasani. Kuzichambua namba zote mbili ni kazi ya jioni nzima. Njia ya Euclid ni ya dakika chache: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ndogo kwa baki, endelea. Manyara inaingia mara 32 na kubaki 1,181,056. Kisha baki zinashuka: 711,446, 469,610, 241,836, 227,774, 14,062, 2,782, 152, 46, 14, 4, 2, 0. Baki ya mwisho kabla ya 0 ndiyo KKS, yaani 2. Sehemu hiyo inafupishwa kwa nusu tu, kuwa 946,251 kwa 30,870,560, halafu basi. Kwa mazungumzo ya kijiweni sema mtu mmoja kati ya 33, inatosha.

Cha kushangaza ni kwamba njia ya Euclid haipati shida namba zikirefuka, ilhali msako wa vigawo tasa unakwama. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa Rivest, Shamir na Adleman mfumo wao wa siri mwaka 1977, ambao bado unalinda mawasiliano mengi ya intaneti, kwa kawaida kwa namba ya tarakimu 617 iliyozidishwa kutokana na tasa mbili kubwa. Kuzidisha ni papo hapo. Kurudi nyuma hakuna kompyuta iliyoweza kwa urefu huo.

Kazi yako

Andika 44,928,923, idadi ya Watanzania katika sensa ya 2012. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zinajumlika kuwa 41, kwa hiyo 3 haimo. Makundi matatu: 923 toa 928 ongeza 44 ni 39, yaani 3 × 13. Imekubali 13, imekataa 7 na 11. Gawanya, unapata 3,456,071. Msako wake ni mrefu kuliko wa 27,563, kwa sababu mpaka uko 1,859. Tasa zote hadi 97 zimekwisha kujaribiwa na hakuna iliyokubali. Anza na 101, na baki uziandike pembeni.